Kopo la Maharage na Mkono wa Bilamata

Funguo za ghala nilizirudisha mwezi uliopita, zote saba, na ile ya nane iliyovunjika nikarudisha vipande vyake. Watu walitaka nihutubie. Sikuhutubia, kwa kuwa nilikuwa na jambo moja tu la kusema na halikufaa kusemwa watu wakiwa na soda mkononi. Nimeona niliandike. Mwandiko ni wangu mwenyewe, kwa hiyo atakayeshindwa kuusoma aje nyumbani nimsomee.

Ninawaandikia ninyi mnaobaki ghalani na pale uwanja wa shabaha. Mna msemo pale. Mgeni akishika bastola mara ya kwanza na risasi ikakwama, mnamwambia, "Kaza kifundo cha mkono, usije ukafa kifo cha Bilamata." Mnacheka, naye anacheka, anakaza. Hamkumjua Bilamata. Mimi nilimjua. Msemo huo ulitokana na neno nililolisema mimi, na neno hilo lilikuwa uongo. Nataka msemo huo ufe kabla yangu, lakini msemo haufi kwa kuamriwa, ndiyo maana itabidi mvumilie habari nzima.

Nilizaliwa upande wa Ngara. Shule niliiacha darasa la pili, au yenyewe iliniacha, wanaojua ukweli wameshakufa. Nilijifundisha kutengeneza baiskeli, kisha cherehani, kisha saa ya ukutani ya kanisani, ambayo hadi leo inachelewa, lakini inatembea. Hakuna aliyenionyesha mchoro. Nilikitazama kitu kilipochakaa nikajua kinasuguana na nini. Siku moja mkubwa mmoja wa wilaya alileta bunduki iliyokataa kufunguka, wasomi watatu walikuwa wameshashindwa nayo. Niliifungua kwa mafuta ya cherehani na uvumilivu. Wiki iliyofuata nikawa Biharamulo, kwenye ghala la silaha, chini ya Mzee Athumani.

Mzee Athumani alikuwa mtu wa pale pale Biharamulo, wa zile familia za Kiislamu za zamani. Mikono yake ilikuwa ya mafuta hadi kwenye kiwiko, lakini kofia yake sikuwahi kuiona na doa.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi kanawe. Mkono uliotoka kula una chumvi, na chumvi nayo ina njaa yake. Inakula chuma."

Mwezi mzima nilinawa na kupaka mafuta, nikafuta mafuta niliyopaka. Alisema mafuta mengi kwenye bunduki ni kama sifa nyingi kwa mtu, yanakusanya vumbi. Mwezi wa pili alinifunga macho kwa kitambaa cha kusafishia, akazivuta bunduki tano moja moja nyuma ya sikio langu.

"Ipi inaumwa?"

"Ya tatu."

"Inaumwa wapi?"

"Sijui."

"Siku ukijua wapi, nitakuita fundi. Kwa sasa wewe ni Yohana."

Nilikaa Yohana mwaka na nusu.

Bastola ninayotaka kuieleza iliachwa na mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya shabaha, si ya kuulia mtu. Risasi zake ni ndogo, hazizidi ncha ya kidole cha mtoto, kumi katika magazini moja, na kitako chake cha mbao kilikuwa kimechongwa kuufuata mkono. Ni ya aina inayojipakia yenyewe. Ukipiga, kifuniko cha juu kinarudi nyuma, kinatupa ganda, halafu springi inakisukuma mbele tena kikiwa kimebeba risasi mpya. Wewe kazi yako ni kuvuta kidole tu. Pamoja nayo aliacha springi tatu za akiba, zimefungwa kwenye karatasi ya nta. Mzee Athumani alizitazama akasema, "Huyu mzungu alikuwa anaijua bastola yake."

Siku hizi vijana mnaniuliza, "Babu, bastola kama ile inadumu miaka mingapi?" Bastola haina miaka. Chuma chake kitawazika ninyi na watoto wenu. Kinachokufa ni vitu vidogo, na kila kimoja kinakufa kwa namna yake. Midomo ya magazini inapanuka, hasa ikiangushwa na mtu anayejifanya hajaiangusha. Kucha inayovuta ganda inalika. Masizi ya risasi ndogo yanajaa kwenye kona na kuganda kama ukoko wa chungu. Hayo yote utayaona kwa macho. Springi huioni. Inachoka kidogo kidogo, kama mtu, huku sura yake ni ile ile, na siku itakayokataa haitoi taarifa.

Inatoa dalili moja tu, nayo Mzee Athumani ndiye aliyenionyesha. Springi mpya inakizuia kifuniko kikirudi nyuma, ganda linaanguka karibu. Springi iliyochoka haina nguvu ya kuzuia, kifuniko kinarudi kwa kishindo na ganda linaruka mbali. Kwa hiyo Mzee alichomeka kigingi pale uwanjani, hatua tatu kutoka anaposimama mpigaji. Maganda yakiishia kabla ya kigingi, hakuna neno. Yakikivuka, fungua bastola. Kigingi hicho bado kipo. Mmekuwa mkitundikia makoti.

Sasa Bilamata. Laurenti Bilamata alikuwa bwana nyama wa wilaya, yule ofisa anayeitwa tembo akila mashamba au chui akila mbuzi. Kwao ni Bugarama, huko huko Ngara, kwa hiyo tuliongea lugha ya nyumbani wakubwa wakiwa hawapo. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, na mwongo wa kutosha akieleza habari za samaki. Lakini Jumamosi, akisimama mbele ya karatasi ya shabaha, alinyamaza kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano ya mke wa mwenzake, maana hapo ukitetemeka una maelezo ya kutoa. Nimewaona wapigaji wengi tangu wakati huo. Sijauona mkono kama ule. Kifundo chake kilikuwa kimesimama kama mti uliochimbiwa.

Bastola aliipa jina, Mukecuru, yaani bibi kizee.

"Kwa nini umwite bibi kizee?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ukimheshimu anakupa, na ukimharakisha anakusema mbele ya watu."

Na kweli alimsema mbele ya watu. Kwenye mashindano Bukoba, bastola ikiwa bado na springi aliyoitumia mzungu, risasi ilikwama mara mbili na Bilamata akarudi wa nne. Njia nzima hakunilaumu, jambo lililoniuma kuliko lawama. Nilipofika nikaweka springi ya kwanza ya akiba, na nikaapa kwamba hii nitaihesabu.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu kuandika sikujua. Karani alikuwa na daftari, lakini aliandika risasi zilizotoka ghalani kwa jumla, si zilizopigwa na bastola hii au ile. Basi nikahesabu alivyohesabu mama yangu siku za ng'ombe kuzaa, kwa maharage. Kila magazini moja iliyopigwa, harage moja jekundu kwenye mfuko wa shati. Jumamosi jioni nikifika nyumbani, ninayamimina kwenye kopo la maziwa lililokaa juu ya ukuta, chini ya paa. Ghalani nilikatazwa. "Ghala la serikali si jiko," Mzee Athumani alisema. "Ukileta maharage unaleta panya, na panya atakula mikanda."

Siku maganda yalipoanza kukivuka kigingi, nililitazama kopo. Lilikuwa limejaa hadi shingoni. Nikabadilisha springi, nikaweka ya pili ya akiba, nikamwaga kopo, nikaanza upya. Sasa nilikuwa na kipimo. Kopo moja, springi moja. Karani alinicheka, akaniita Bwana Kunde. Nikamwambia daftari lake haliwezi kuliwa, langu linaweza. Nilijiona nimesema la maana.

Bilamata hakucheka. Kila mara kabla ya kushika bastola aliniuliza neno moja, "Kopo?" Mimi ninajibu, "Robo," au "Nusu," au "Karibu." Akisikia anaitikia kwa kichwa, anapiga. Miaka yote hiyo hakuwahi kulichungulia kopo lenyewe. Neno langu lilimtosha.

Wakati huo kisomo cha watu wazima kilikuwa kimeanza, kila mtu ajue kusoma na kuandika. Mke wangu Domitila aliingia, akasoma chini ya kibanda pamoja na wanawake wenzake, akirudi ana chaki kwenye kanga. Mimi nilikataa. Niliona fundi niliyeheshimika wilaya nzima siwezi kukaa kwenye gogo kusema a, e, i mbele ya kijana niliyemtengenezea baiskeli.

"Baba Kristina," Domitila akaniambia, "hizo hesabu zako nikuandikie mimi. Mstari mmoja kila Jumamosi."

"Kopo langu halikosei."

"Kopo halikosei, lakini halifungwi."

Nikainuka nikatoka nje. Nilikuwa na tabia hiyo.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Sisi tulikuwa tunakaa kilimani, nyumba yenye migomba tuliyoipanda wenyewe. Tukaambiwa kila mtu ashuke kwenye kijiji kipya barabarani. Siku ya kuhamishwa mimi nilikuwa kazini, silaha haziachwi peke yake watu wakiwa katika hali ile. Paa letu liliezuliwa na mgambo, vijana niliowafundisha mimi mwenyewe kusafisha bunduki, nao walimwomba Domitila radhi huku wanaezua. Mahindi yalibaki shambani mabichi, ndizi zikabaki. Vyombo vikapanda kwenye trekta, watoto juu ya vyombo.

Nilipata ruhusa baada ya siku nne. Nikawakuta chini ya maturubai, moto unawaka, Domitila ananikaribisha kwa ugali wa muhogo na maharage. Watu wazima wawili, watoto watatu. Nilikula kwa furaha, nikasifu.

"Haya maharage umeyapata wapi, na chakula chote kimebaki kule?"

Akanitazama. "Kwenye kopo lako."

Tonge lilikuwa bado mdomoni. Nikalimeza. Ningefanya nini?

"Watoto walikuwa na siku mbili wanakula maembe mabichi," akasema. "Ungekuwa na daftari, ningewapikia nini?"

Nikamuuliza kopo lilikuwa limefika wapi. Domitila hababaishwi na vipimo, yeye hupima kwa kiganja. Akasema, "Lilikuwa limekaribia mdomo. La sivyo tusingeshiba watu watano."

Zingatieni hapo. Niliambiwa. Mtu mwenye akili angechukua neno hilo akaenda ghalani akabadilisha springi kesho yake. Mimi nilisema, "Wewe unajua nini habari za springi?" Ilibaki moja tu ya akiba, ile ya mwisho, na miaka ile kitu cha mwisho hukukitoa hivi hivi. Sabuni ilikatwa vipande, wembe ulinolewa ndani ya bilauri. Nilikuwa nikiifungua ile karatasi ya nta, ninaiangalia springi, ninaifunga tena. Na zaidi ya hapo, kubadilisha kungetaka niseme sababu, na sababu ilikuwa kwamba Bwana Kunde amekula hesabu yake kwa ugali. Nilimfikiria karani. Nikatafuta maharage mengine mekundu, nikalijaza kopo hadi robo kwa kukadiria, nikaendelea kutumbukiza moja moja kwa uaminifu kabisa, kila Jumamosi, juu ya msingi wa uongo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya vita vya mpakani, Mzee Athumani, aliyekuwa ameshastaafu, alikuja kututazama. Alikaa kwenye kiti chake nyuma yetu. Bilamata alipiga magazini mbili, karatasi ikawa na tundu moja kubwa katikati, watu wakapiga makofi. Mzee hakuwa anatazama karatasi. Alikuwa anatazama chini.

"Fundi. Maganda yako yanakwenda mbali."

Niliyaona. Yalikuwa nyuma ya kigingi, yanang'aa kwenye majani. "Risasi hizi ni mpya, mzee. Zina nguvu."

"Zina nguvu," akarudia, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. Alikuwa hana tena madaraka juu yangu, na alikuwa na adabu.

Vita vilipoanza, bunduki zote nzuri zilikusanywa zikaenda mbele, na vijana wengi wakaenda nazo. Magari yalikwenda, mafuta yakaisha. Jumamosi za shabaha zikasimamishwa, kwa hiyo hakukuwa na ganda la kuanguka wala kigingi cha kusema. Ghalani nilibaki na magobori mawili yasiyo na fataki, na Mukecuru. Nani apeleke bastola ya karatasi vitani?

Wanyama walijua kabla yetu kwamba bunduki zimeondoka. Nguruwe waliingia mashambani mchana. Na kijijini Nemba chui akaanza kuchukua mbuzi, kisha akamrarua mama mmoja bega akiwa anachota maji. Wanakijiji wakatega mtego wa chuma. Asubuhi moja mtu akaja na baiskeli, jasho linamtiririka. Chui amenaswa mguu wa mbele, katikati ya migomba, nyumba zimemzunguka. Watu wawili wamejaribu kwa mkuki, wote wamejeruhiwa. Mguu unakatika, akijinasua atawamaliza.

Bilamata akaingia ghalani. "Fundi, nipe Mukecuru."

"Hii ni ya karatasi, Laurenti. Si ya chui."

"Chui yuko mtegoni. Nitasimama hatua tano. Tundu la sikio lake ni kubwa kuliko lile duara unaloniwekea Jumamosi."

"Ngoja watume bunduki kutoka mbele."

"Itafika lini? Na mimi nikae ofisini nijiite bwana nyama?" Alishanyoosha mkono. Halafu akauliza, kama siku zote, "Kopo?"

Karatasi ya nta ilikuwa kwenye droo, mbele ya tumbo langu. Kubadilisha springi kunachukua muda wa kuvuta sigara moja. Nilichotakiwa kusema ni "subiri kidogo."

Nikasema, "Nusu."

Akaitikia kwa kichwa.

Silaha haikutoka bila mimi, hiyo ilikuwa kanuni, kwa hiyo tulikwenda wote kwa baiskeli na tukafika Nemba jua likiwa juu. Kabla hatujamwona chui tulimsikia. Wanaume wa kijiji walisimama na mikuki, mmoja wao mzee aliyefunga jeraha la bega lake kwa jani la mgomba.

"Bwana Nyama," akasema, "hiyo ndiyo bunduki, au umeleta ya mtoto wako?"

"Ya bibi yangu," Bilamata akajibu. "Rudini nyuma."

Wakacheka. Ndicho kicheko cha mwisho.

Alisimama alivyokuwa akisimama Jumamosi, ubavu mbele, mkono umenyooka. Nilikuwa nyuma yake upande wa kulia, mahali pangu pa siku zote. Nilikitazama kifundo, kwa sababu ni mazoea yangu kukitazama. Hakikutikisika. Risasi ya kwanza ilimpiga chui chini ya sikio, akaangusha kichwa. Ganda liliruka, likapita karibu na uso wangu, likaenda mbali sana kwenye majani. Chui akainua kichwa tena. Risasi ya pili ilipaswa kumlaza pale pale, lakini sikusikia mlio, nilisikia kifuniko kikisimama katikati. Sauti hiyo niliifahamu hata kwa macho yaliyofungwa. Springi imesukuma, imeshindwa, risasi imekwama nusu ndani nusu nje.

Bilamata alikigonga kifuniko kwa kiganja, nilivyomfundisha. Kikajifunga. Lakini katika muda huo chui alijirusha, na mguu ukabaki kwenye mtego.

Wanakijiji walimuua chui kwa mikuki akiwa juu yake. Sitaeleza zaidi. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali, tukipokezana, na njiani hakulia, aliuliza tu kama yule mzee wa jani la mgomba ameona shabaha ya kwanza ilivyoingia.

Makucha ya chui yana nyama iliyooza ndani yake. Siku ya tatu shingo na mkono vilikuwa vimevimba na homa imepanda. Mke wake, Mama Generosa, alikuwa kando ya kitanda anampepea. Nikaingia. Bilamata alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, uliofungwa bandeji hadi kwenye vidole.

"Fundi."

"Naam."

"Kopo lilikuwa nusu kweli?"

Nimeishi miaka mingi baada ya swali hilo. Nimelijibu sawasawa mara nyingi sana, nikiwa kwenye baiskeli, nikiwa ninanawa mikono. Siku ile, mbele ya mke wake, nilisema, "Nusu, Laurenti. Halikufika hata robo tatu."

Akautazama tena ule mkono. Kisha akasema, "Basi ni kifundo. Nilikilegeza."

Ninyi mnajua alichokuwa anasema. Mpigaji akilegeza kifundo, bastola nzima inarudi pamoja na mkono, kifuniko hakipati pa kuegemea, kinarudi kwa udhaifu na risasi inakwama. Inakwama vile vile inavyokwama kwa springi mbovu. Ni magonjwa mawili yenye dalili moja, na aliye nje hawezi kuyatofautisha. Mimi niliweza, nilikuwa nyuma yake.

"Yawezekana," nikasema. "Hata fundi wa kushona hujichoma."

Akafa kabla ya Jumapili. Waliokuja kumwona alikuwa amewaambia mwenyewe, bila kificho, kwamba mkono wake ulilegea, jamani, kazeni. Na mimi niliulizwa kama mtaalamu, nikasema ndivyo. Habari ikatoka hospitalini ikaenda msibani, ikatoka msibani ikaja uwanjani, ikawakuta ninyi.

Niliporudi ghalani niliivua springi, nikaiweka juu ya meza karibu na ile ya karatasi ya nta. Iliyovuliwa ilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili. Mzee Athumani alikuja baada ya maziko, akaziona zote mbili.

"Mpya umeiweka lini?"

"Sijaiweka bado."

Akaichukua ile fupi, akaibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Haikuwa na kitu ndani. "Sema, Yohana," akaniambia. "Leo uongo huu ni jiwe. Kesho utakuwa mlima."

Sikusema. Mzee naye alifariki mvua zilizofuata, na neno hilo halikutoka kinywani mwake, alikuwa ameniachia mimi nilitoe. Alikuwa ameniita fundi tangu zamani. Siku ile aliniita Yohana.

Baada ya vita nilimwomba Domitila anifundishe kuandika. Hakuuliza kwa nini na hakucheka, alileta chaki. Nilikuwa mwanafunzi mbaya na mwenye hasira, lakini kila springi niliyoiweka kwenye silaha yoyote tangu hapo iliandikwa. Madaftari yapo kabatini, kumi na moja. Herufi za lile la kwanza ni kubwa kama viatu, mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita, kabla ya kuanza kuandika karatasi hizi, nilikwenda Bugarama kwa Mama Generosa. Sikutaka alisikie kutoka kwenu. Amezeeka, lakini analima. Nilimkuta anachambua kahawa kwenye jamvi. Nikakaa chini, nikamwambia yote, kopo, ugali, karatasi ya nta, na lile neno "nusu" mara ya kwanza na ya pili. Sikupunguza. Nikaitoa springi, ambayo nimeitunza siku zote hizo, nikaiweka kwenye jamvi.

Aliendelea kuchambua kwa muda. Akauliza, "Umekuja mwenyewe au umeletwa na uzee?"

"Uzee," nikasema.

"Afadhali hukudanganya." Akatupa kahawa mbovu pembeni. "Unajua siku ile ya mwisho alikuwa anafanya nini? Alikuwa anausema mkono wake. Ule ule uliofungwa. Anauambia, 'Wewe, nimekulisha, nimekuosha, kwa nini umeniaibisha?' Mimi nikidhani ni homa."

 Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Nilipoinuka akanirudishia springi. "Hii usiniachie mimi. Sina bastola. Ipeleke huko kwa wanaomcheka."

Kwa hiyo nimeileta. Asubuhi hii nimeondoa makoti yenu kwenye kigingi, nimepigilia misumari miwili. Kwenye mmoja ipo springi mpya, kwenye wa pili ipo ile fupi. Kabla hamjapiga, zishikeni zote mbili. Maganda yakivuka kigingi, fungueni bastola hata kama shabaha inaingia. Ukiwa umepoteza hesabu, sema umepoteza, hata akiwepo karani.

Na mgeni risasi ikimkwama, mwambieni akaze kifundo, maana hilo ni kweli na litamsaidia. Jina msiliongeze. Nilikuwa nyuma ya mtu huyo hatua mbili, upande wa kulia, mchana kweupe, na mkono wake ninausimamia mimi: haukulegea.